Aliyetema Upepo

Stoo Kipa hakuwa mtu wa kunywa chai ya kwanza. Ukimkaribisha kwako alipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru vizuri kabisa, kisha akakiweka chini na kuanza kuulizia mifugo. Aliulizia ng'ombe, akaulizia mbuzi, na kama huna mifugo aliulizia ya jirani yako. Wewe mwenyeji ukishapiga mafunda mawili matatu na bado umekaa wima, ndipo naye alipoinua chake. Mke wangu, ambaye ni binti yake, anasema hata nyumbani alifanya hivyo hivyo, na chai hiyo ilipikwa na mkewe aliyeishi naye miaka thelathini.

Ninamwandika nikiwa na kinyongo kilichokwisha juzi juzi tu, kwa hiyo mtanisamehe pale nitakapomchoma. Kwa miaka tisa niliamini kwamba mzee huyu alinikabidhi binti yake bila baraka, kwa makusudi, mbele ya watu. Binti yake naye aliamini hivyo hivyo, na kwake iliuma zaidi. Mimi nilipungukiwa na mkwe. Yeye alipungukiwa na baba.

Nilimjua kwanza kazini. Tulikuwa kwenye ghala la shirika moja la umma pale mjini Arusha, lililouza majembe, mbegu, mbolea na dawa za mimea. Yeye alikuwa mtunza stoo, mimi karani wake. Kuanzia meneja mpaka wapagazi walimwita Stoo Kipa, na kule Sekei, tulikopanga vyumba kwenye ua mmoja, watoto walimwamkia "Shikamoo Stoo Kipa" kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Kwao hasa ni juu ya Ngaramtoni, kwenye mashamba ya kahawa na migomba yanayopanda kuelekea msituni, na huko alirudi kila Jumamosi. Mimi aliniita Karani. Aliniita hivyo hata nilipomwoa binti yake, hata shirika lilipokufa na ukarani wangu ukafa nalo.

Alikuwa na misemo yake ya kazi, na yote ilinuka ghala. "Gunia halijielezi, lifungue." "Anayekuharakisha ana sababu." Na ule uliotukera kuliko yote: "Stoo haitoi kisichoombwa." Mkulima angeweza kusimama dirishani kwa nusu saa, analiona jembe analolitaka limeegemea ukuta nyuma ya mgongo wa mzee, na mzee anamtazama tu. Hakuna fomu, hakuna jembe. Mkulima akiondoka na hasira nilimwambia, "Mzee, si ungemkumbusha ajaze fomu?" Akanijibu, "Aliniuliza?"

Ukweli usemwe, mara nyingi shaka yake ilituokoa. Biashara ilipofunguliwa, kila mwenye gari na mdomo mwepesi akawa mfanyabiashara wa mbegu. Alikuja mmoja na magunia ya mahindi yaliyopakwa rangi nyekundu ya kupendeza, akimwambia meneja kwamba hiyo ni mbegu bora kutoka nje na kwamba wenzetu wa Moshi wameshaigombania. Meneja kalamu ilikuwa mkononi. Stoo Kipa akaomba siku tano. Akachukua punje kumi, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akakiweka juu ya kabati la faili. Siku ya tano zilikuwa zimeota punje tatu. Alimpelekea meneja kitambaa chenyewe, akakifungua mezani. Mwenye magunia alipofuatwa hotelini, alikuwa ameshahama.

Baada ya hapo nani angemwambia apunguze kushuku? Enzi zile za ruksa zilikuwa kama zimetengenezwa kwa ajili yake. Sabuni zilikuja za kila rangi, akasema zinababua. Mafuta ya kupikia yalikuja kwenye vibuyu vya plastiki, akasema yamechanganywa na ya mashine. Na maduka ya dawa ndiyo yaliyomtibua hasa. Zamani dawa ulipewa hospitali, ukapangiwa foleni, ukanyimwa au ukapata. Sasa kila kona ya mji kuna duka lenye msalaba wa kijani na binti mwenye koti jeupe. "Ule ni unga wa chokaa," alituambia uani, kwa sauti ya kutaka hata wapangaji wa mbali wasikie. "Wanausindilia, wanauchapa herufi, mnaumeza. Mtakufa mkiwa weupe tumboni."

Lakini huyo huyo alinunua koti la mtumba, zito, la kijivu, akalivaa siku hiyo hiyo bila hata kulifua. Nilimwuliza haoni hatari, hajui limevaliwa na nani. Alishangaa kweli. "Aliyelivaa hanijui," alisema. "Asiyenijua atanidhuru kwa lipi?" Hapo ndipo nilipomwelewa kidogo. Hakuwaogopa wageni kama nilivyodhani, aliwaogopa wanaomjua. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na yeye aliuchukua huo msemo akaufanya katiba ya nyumba.

Kitu kimoja tu hakukishuku, nacho kilikuwa mafuta ya kondoo. Kaka yake akichinja, Stoo Kipa aliletewa kikombe cha mafuta yaliyoyeyushwa, moto, akayanywa kama wengine wanavyokunywa uji, na wala hakusubiri mtu aanze. Siku ya soko Ngaramtoni alikaa na wenzake mbele ya sahani ya mbavu, mikono inang'aa mpaka kwenye viwiko. Basi kwa muda wote huo mzee alikuwa mzito, mwekundu wa mashavu, mwenye kucheka kwa shida lakini akicheka amecheka.

Halafu kaka yake akaanguka. Alikuwa anafunga zizi, akashika kifua, akakaa chini, na hakuinuka. Tangu mazishi yale Stoo Kipa alibadilika, na namna alivyobadilika ilitupa sote kazi ya kuchunguza.

Kwanza aliacha nyama, lakini hakusema ameacha. Aliendelea kukaa na wenzake siku ya soko, akapokea kipande chake, akakifunga kwenye gazeti na kukitia mfukoni mwa lile koti. Wenzake wakaona. Mtu unayekula naye miaka yote, leo anafunga nyama yako kwenye gazeti, maana yake nini kama si kwamba anadhani umemwekea kitu? Wakaanza kumtenga. Mbwa wa njiani ndio waliofaidi.

Pili ni chupa. Ilikuwa chupa bapa ya pombe kali, ile inayokaa vizuri mfuko wa ndani wa koti, na alikuwa akiichomoa kila baada ya muda mfupi, anapiga funda dogo, anairudisha. Kazini, njiani, hata kanisani nyuma ya nguzo wakati mchungaji anahubiri. Na yeye alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kushika sadaka na kusimamia ndoa za watu! Wazee wenzake wakamwita kwenye chumba cha mavazi ya mchungaji. Mmoja wao, aliyenisimulia mwenyewe, aliichukua ile chupa, akaifungua, akanusa, akaonja. Maji. Maji matupu ya bomba.

"Sasa mzee mwenzetu," wakamwuliza, "maji ya nini kwenye chupa kama hii?"

"Kiu," akajibu.

"Kiu ya nini saa zote?"

"Ya maji."

Wakamrudishia chupa yake, na nadhani walimshuku zaidi kuliko kama wangekuta pombe. Mlevi anaeleweka, mtu anayeficha maji haeleweki. Wengine wakasema ni sukari. Mkewe, ambaye sasa namwita yeyo, yaani mama, kama watoto wake wanavyomwita, aliniambia walimpima sukari hospitali na haikuonekana. Basi yakabaki maneno ya kando, na penye wengi hapakosi la kuongeza.

Ni katika kipindi hicho mimi nilipopeleka posa. Binti yake, Nembris, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tulikuwa tumeshasikilizana kwa zaidi ya mwaka, hapo hapo Sekei, baba yake akiwa chumba cha pili na haoni. Au anaona na hajaulizwa. Kwetu ni Kilimanjaro, upande wa Machame, na Stoo Kipa alikuwa na lake la kusema kuhusu sisi: "Mchaga akija kwako bila mzigo, ujue amekuja kuchukua." Kwa hiyo nilihakikisha hatuji bila mzigo. Tulikuja na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, pamoja na mikungu ya ndizi na blanketi la yeyo, na baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu.

Kwetu anayeleta mbege ndiye anayeonja kwanza, ili wenyeji waone ni salama. Baba mdogo akaonja. Stoo Kipa akamtazama. Akamwambia, "Onja tena, ya chini." Baba mdogo akakoroga, akaonja ya chini. Hata hivyo mzee hakunywa. Mazungumzo yakaenda mpaka jua likaelekea kuzama, ng'ombe wakakubaliwa, mabishano ya kawaida yakapita. Ndipo baba mdogo alipomwona akichomoa kopo la ugoro, akalifungua chini ya meza, akachukua kitu cheupe kidogo na kukiweka mdomoni, kisha akapiga funda la ile chupa. Na baada ya hapo alizungumza polepole, ulimi unagota, kama mtu aliyebeba kitu chini yake.

Njiani baba mdogo hakuacha. "Umeona? Yule amebana dawa mdomoni. Watu wa namna hiyo wanabana dawa chini ya ulimi ili neno lao lishinde lako. Mimi nimezungumza kama mtoto leo, na sijawahi kuzungumza kama mtoto."

"Baba mdogo, pengine ni ugoro."

"Ugoro mweupe umeuona wapi?"

Nilicheka, lakini shaka ni kama kupe, haiumi inapoingia. Mimi nami si malaika. Nilianza kumwangalia mzee kwa jicho la pembeni.

Sasa nieleze habari ya mate, maana asiyekulia upande huu anaweza kuiona ni kitu kidogo. Kwa Waarusha, kabila la Stoo Kipa lisemalo Kimaasai, mtoto hamwamkii mzee kwa kumpa mkono. Anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini. Na mzee akitaka kukubariki kweli kweli, anakutemea mate kidogo, kwenye paji la uso au viganjani, kitu chepesi kama manyunyu. Binti akiondoka kwao kuolewa, baba yake ndiye anayefanya hivyo, asubuhi, kabla hajala wala kunywa chochote. Nyumba nyingine hutumia maziwa au pombe ya asali. Katika boma la Stoo Kipa walisisitiza yawe mate yake mwenyewe, ya usingizini, yasiyochanganyika na kitu. Kanisa liko baadaye, saa nne, na pete na kwaya. Lakini bibi harusi wa kwao bila mate ya baba ni kama barua isiyotiwa sahihi.

Asubuhi ile niliruhusiwa kuwepo, nyuma, pamoja na baba mdogo. Umande ulikuwa bado, na Meru ilikuwa wazi mpaka kileleni. Stoo Kipa alitoka ndani amevaa lile koti juu ya shuka. Nembris alipiga magoti mbele yake, kichwa chini, na shangazi zake wakanyamaza. Mzee alimshika mabega. Akasogeza mdomo. Tukasikia "ptu", sauti nyepesi, kavu. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, na safari hii uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayenyanyua gunia. Kisha akasema maneno ya Kimaasai ya kumtakia watoto na ng'ombe, haraka haraka, akageuka, akaingia ndani.

Nembris aliinuka taratibu. Alipitisha vidole kwenye paji la uso, akavitazama. Vilikuwa vikavu. Shangazi yake mkubwa alimkaribia akamwangalia kwa karibu, na nikamsikia akimnong'oneza mwenzake, kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili, labda ili sisi wageni tusikie: "Amemtemea upepo."

Harusi ilifungwa, watu wakala, kwaya ikaimba. Neno lile lilikuwa limeshatutangulia mlangoni.

Mimba ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu. Ya pili ilitoka mwezi wa tano, na hiyo ilimlaza Nembris hospitali wiki nzima. Daktari alieleza mambo ya damu na mapumziko, nami nilimwelewa. Nembris naye alimwelewa, ni mwalimu, si mjinga. Lakini usiku wa kwanza baada ya kutoka hospitali aliniambia, amegeukia ukuta, "Baba alijua. Alijua tangu asubuhi ile." Kibaya zaidi, nilikubaliana naye. Niliiona chuki ya mzee kwa Mchaga imefika mpaka tumboni mwa binti yake, na nilimchukia waziwazi. Tulipompata binti yetu mwaka wa tano, mzima, mwenye mapafu ya tarumbeta, nilisema tumempata kwa nguvu ya Mungu bila msaada wa mtu wa Ngaramtoni.

Nembris hakugombana na baba yake. Ingekuwa nafuu. Alimpelekea sukari na majani ya chai kila mwisho wa mwezi, akafika mpaka mlangoni, akamwambia "Shikamoo baba," na akampa mkono. Mkono! Tangu siku ile hakumwinamishia kichwa tena. Mzee aliupokea ule mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akauachia. Mtoto wetu naye akafundishwa kumpa babu yake mkono, kama anavyompa dereva wa teksi. Hakulala kule hata siku moja.

Huku nyuma shirika liliuzwa. Stoo Kipa ndiye aliyekabidhi funguo, na nasikia alimfungulia mnunuzi kila gunia, moja baada ya lingine, siku mbili, ingawa mnunuzi alimwambia haina haja. Mimi nilianza kuuza vipuri vya magari, na biashara ilinikubali. Tukahamia Njiro, nyumba yenye ukuta na geti. Nikanunua gari, nikaacha kutembea. Jioni nyama choma, wikiendi nyama choma, mshipi wa suruali nikauhamisha tundu baada ya tundu mpaka matundu yakaisha. Mwaka jana kifua kilinibana nikipanda ngazi za benki, nikakimbilia zahanati.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akasema damu yangu ina lehemu nyingi, mafuta yale mabaya, na kwamba nitameza kidonge kimoja kila jioni. Akanitajia mambo ya kuangalia: misuli ikiuma bila sababu, mkojo ukibadilika rangi. "Na wengine mdomo huwakauka," akasema. "Si wengi, na si lazima iwe ni dawa hii. Ukiona hivyo niambie, lakini usiache kumeza kwa uamuzi wako."

Wiki ya pili niliamka asubuhi ulimi umenata kwenye kaakaa. Nilijaribu kumeza, hakuna cha kumeza. Nilienda sinki kupiga mswaki, nikasema niteme kwanza, kutoa ile ladha mbaya. "Ptu." Sauti nyepesi, kavu.

Niliijua ile sauti. Nilisimama pale na mswaki mkononi, maji yanamwagika bure, na miaka tisa yote ikanirudia: kopo la ugoro, kitu cheupe, chupa bapa, nyama kwenye gazeti. Nilijiona mjinga, na nilijiona mwovu kidogo.

Nilienda kwa mzee peke yangu, siku ya soko, mchana. Nilimkuta kando ya kihenge chake, amekaa kwenye kigoda, anachambua mbegu ya maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda, lile koti limembakia kubwa. Chupa ilikuwa pale pale mfukoni.

"Karani," alisema. "Leo si mwisho wa mwezi."

"Shikamoo baba." Niliinamisha kichwa. Alichelewa kidogo, kisha akanigusa. "Nimekuja na shida. Mdomo wangu unakauka."

Mkono wake uliokuwa kwenye ungo ulisimama. "Tangu lini?"

"Tangu nianze hivi." Nikaweka paketi yangu ya vidonge juu ya maharage.

Aliichukua, akaigeuza, akaisoma pande zote. Akainusa, ndiyo, akainusa. Kisha aliinuka, akaingia ndani, akarudi na lile kopo la ugoro na paketi nyingine iliyochakaa. Jina lilikuwa tofauti, kazi ile ile. Muhuri ulikuwa wa duka la dawa la mjini, mojawapo ya yale ya unga wa chokaa.

"Nilikatazwa kufa," alisema, kama anayejitetea mahakamani. "Kaka alipoanguka nilikwenda kupimwa. Ningewaambiaje, na maneno yote niliyokuwa nimeyasema juu ya maduka yale? Mngenicheka mpaka leo."

"Na huu ukavu, daktari wako alisemaje?"

"Hakuuliza."

"Baba, dawa inaweza kufanya hivyo. Nimeambiwa na daktari."

"Inaweza, au inafanya?"

"Inaweza. Inaweza pia kuwa uzee, au kitu kingine. Hakuna aliyeapa."

Alikaa. Aliliweka kopo juu ya ungo.

"Karani, mimi sikukutaka. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Lakini asubuhi ile niliamka nimeshakubali. Nilikuwa nimesali. Nikamshika mtoto wangu, nikafungua mdomo, hamna kitu. Mara tatu, hamna kitu. Nikasema, kumbe bado sijakubali. Kumbe moyo umekataa na mdomo umetii moyo. Nimekagua watu maisha yangu yote, na siku ile nikajikamata mwenyewe." Alipangusa uso na mkono wa koti. "Wale wawili waliotoka, nimewabeba mimi. Kila Jumapili nimekaa mbele kanisani najua nimewaua wajukuu zangu."

Nilikuwa nimemshuku kwa jambo lile lile, mwaka baada ya mwaka, nikidhani yuko kule juu anafurahi.

"Kwa nini hukutuambia, baba?"

Alitabasamu kidogo, kwa aibu. "Nani aliniomba? Si unaijua kanuni."

"Basi mimi naomba," nilisema. "Naomba baraka ya mke wangu. Niandikie fomu kama unataka."

Nyumbani Nembris alinisikiliza huku akichambua mchele, na hakuinua macho. Ni binti wa baba yake. "Anaweza kuwa amekupangia maneno," alisema. Nikamwambia anaweza. Akachukua paketi yangu, akasoma karatasi ya ndani yote, mstari kwa mstari, akaikunja vizuri, akairudisha. "Jumapili nitaenda kumwangalia," alisema. "Kumwangalia tu."

Tulifika mapema, hajala mtu. Mzee alikuwa ameshatoka nje na lile koti. Nembris alisimama hatua tatu mbele yake, mtoto mkononi, na wote wawili wakawa wanaangaliana kama wanunuzi wa gunia moja. Yeyo akaja na nusu ya ndimu kwenye kisahani. Nilikuwa nimemwambia kwamba kitu kichachu huita mate.

Mzee aliitazama ndimu. "Desturi inasema kabla ya kula."

"Nani aliwahi kushiba ndimu?" yeyo akamjibu. "Weka mdomoni."

Nilimjua vya kutosha kungoja. Nilingoja aigeuze, ainuse, aulizie imetoka mti wa nani, amsubiri mmoja wetu aonje kwanza. Hakungoja mtu. Aliibana yote mdomoni, akafumba macho, uso ukakunjamana kwa uchachu, na machozi yakamtoka, sijui ya ndimu au ya nini. Mtoto wetu akacheka.

Alipofumbua macho Nembris alikuwa ameshapiga magoti, kichwa chini.

Mate yalikuwa mengi, mengi kuliko inavyotakiwa, yenye harufu ya ndimu, yakamshukia kwenye paji la uso mpaka kwenye nyusi. Mzee akashtuka, akavuta pindo la shuka ili ampanguse. Nembris akamshika mkono.

"Acha, baba," alisema.

Tulirudi Njiro saa kumi, madirisha ya gari yamefungwa kwa sababu ya vumbi la barabara. Hakuwa amejifuta.